Mama mkwe anataka mchicha mbele ya nyumba: mboga na maua kwenye bustani moja

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kigamboni, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo mtaalamu. Tumehamia kwetu mwaka jana, mbele ya nyumba nina eneo kama mita 6 kwa 9. Kuna ukoka, mawaridi saba, boganvilia ukutani, miashoki upande mmoja na oleanda mbili za pinki getini. Mama mkwe kaja kutoka Tanga, anasema ardhi imekaa bure, anataka mchicha na bamia. Mume wangu anasema nyumba itageuka shamba. Nyuma hakuna nafasi, ni chemba, karo na kamba za nguo. Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo, na nina mtoto wa miaka miwili. Naweza kuchanganya mboga na maua bila kuharibu muonekano?"

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa nyumba. Unaweza, tena vizuri tu, mita 6 kwa 9 sio eneo dogo. Ila umenitajia vitu viwili mbalimbali kwenye swali lako, mimi nikavisoma pamoja nikashtuka: oleanda getini, na mtoto wa miaka miwili. Kwa hiyo mchicha usubiri kidogo, tuanze hapo.

Oleanda ni sumu mmea mzima, jani, ua, mbegu, kijiti na ule utomvu wake, na jani likikauka sumu bado iko palepale. Inashika moyo, mapigo yanavurugika, na mtoto mdogo hahitaji kutafuna majani mengi. Najua ziko kwenye mageti kibao Dar na miji mingine ya pwani kwasababu hazitaki matunzo, chumvi hazijali, jua hazijali, maua yapo karibu mwaka mzima, na mimi mwenyewe miaka ya nyuma nimewauzia watu bila kuwaambia chochote, siku hizi siuzi tena. Zing'oe. Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu, kata matawi, chimba na shina, funga kwenye mfuko utoke na takataka. Usichome maana hata moshi wake una sumu, usimpe mbuzi wa jirani, na vijana wasije wakachonga vile vijiti wakatungia mishkaki. Na ikitokea mtoto kaweka jani mdomoni usimpe maziwa ukakaa kusubiri uone, mbebe mpeleke hospitali na tawi lenyewe mkononi ili waone ni kitu gani.

Ukiwa unazunguka cheki pia barazani kama una difenbachia, yale majani mapana yenye madoa meupe, utomvu wake unaunguza mdomo na ulimi, liweke juu ambako mtoto hafiki. Na kama una masikio ya tembo ya urembo, hayo yasikae tuta moja na magimbi hata siku moja. Mama mkwe anayajua magimbi yake akiwa amefumba macho, lakini dada wa kazi aliyeingia jana hajui lipi la kupika na lipi la kutazama, na huo ndo mchanganyo ambao mimi siukubali kabisa.

Haya, sasa shemeji na mama mkwe.

Shemeji anasema itageuka shamba, na hajakosea, nimeona bustani nyingi zikigeuka, ila sio kwasababu ya mboga. Mboga ni nzuri jamani, nenda kaangalie ua la bamia saa mbili asubuhi, ile njano laini na katikati pana doa la rangi ya zambarau iliyoiva, ukiliweka pembeni ya haibiskasi utaona ni ndugu, na kweli ni ukoo mmoja. Kinachoharibu ni pengo. Mchicha ukiupanda leo, wiki ya nne umejaa, kijani kinang'aa, wageni wanausifia. Jioni yake mama anashuka na beseni, anang'oa fungu la kupika na fungu la jirani, na kesho asubuhi mbele ya nyumba yako pana mchanga mtupu wenye vishimo, majani yaliyodondoka yamesinyaa, na kuku wa mtaa keshaona fursa. Hilo ndo shamba analoliogopa shemeji, na ukimwelewesha hivyo mtaelewana.

Kwa hiyo mimi nikipanga bustani ya mchanganyiko siulizi huu mmea ni ua au ni mboga. Nauliza mkono utaufanya nini. Kuna mimea ya kung'oa na kuna mimea ya kuchuma. Mchicha wa kung'oa, figiri, karoti, vitunguu, hiyo yote inaacha pengo. Pilipili, bilinganya, bamia, rosella, mrehani, mchaichai, matembele, spinachi unayoikata majani ya nje ukaacha moyo, hiyo unachuma na mmea unabaki umesimama, mwingine mwaka mzima. Mbele ya macho weka ya kuchuma tu, uchanganye na mawaridi yako, na ya kung'oa tuitafutie mahali ina pazia.

Pazia lenyewe ni mchaichai. Unapanda vichaka vinne, kati ya kichaka na kichaka kama sentimita 80, baada ya miezi michache una ukuta wa majani wa karibu mita tatu, unafika kifuani, ukipita na upepo wa bahari unasikia harufu mpaka barazani. Nyuma ya ukuta huo ndo himaya ya mama mkwe. Mpimie matuta matatu ya mita 1 kwa mita 1 na nusu, apande tuta la kwanza leo, la pili baada ya siku kumi, la tatu baada ya siku kumi nyingine, likivunwa la kwanza anarudishia samadi anapanda upya, hapo hamtakosa mchicha na anayekaa sebuleni hataliona pengo. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, achanganye na mchanga mkavu ndo amwage, la sivyo zinaota zimebanana kama nywele. Mchaichai una majani yanayokata, kwa hiyo kuwe na njia ya kuingilia matutani pembeni, mtoto asipenye katikati.

Hayo matuta yasisogelee miashoki. Mti ule unaonekana mwembamba mpole, lakini chini mizizi inakunywa kila unachomwagilia, kaa nao mbali angalau mita mbili, na uhakikishe matuta yanapata jua kwa masaa sita kwa siku. Mboga za majani zinavumilia hata masaa manne, bamia na bilinganya hapana.

Getini, pale zilipotoka oleanda, mimi ningeweka mikomamanga miwili, mmoja kila upande. Ua lake jekundu ni zito kama nta, shina linapogolewa linakaa umbo unalotaka, chumvi kidogo inavumilia, jua ndo chakula chake. Sikudanganyi, matunda ya pwani hayawi makubwa kama yale ya supamaketi, unyevu wa huku unayapasua, lakini yapo na yanaliwa, na geti lako litakuwa zuri kuliko lilivyo sasa.

Ukutani kwenye boganvilia usiguse, miiba tu ndo shida yake. Ila kama kuna ukuta mwingine au uzio wa waya ulio mbali nayo kama mita tatu, maana boganvilia inameza majirani, panda pasheni. Chukua ya njano, ile ya zambarau inapenda baridi ya nyanda za juu, Dar itakusumbua. Na uchukue miche miwili iliyotoka kwenye mbegu tofauti, sio mmoja, kwasababu pasheni ya njano kwa kawaida haijichavushi yenyewe, inataka chavua ya mmea mwingine. Hapa kuna kitu nataka ukione kwa macho yako: maua yake hayafunguki asubuhi, yanafunguka kwenye saa sita saa saba mchana, jua kali watu wote wamelala, na hapo ndo anakuja yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, anaingia kwenye ua anajipaka unga wa njano mgongoni anahamia la pili. Jioni ua limefunga, halifunguki tena. Watu wanamuua yule nyuki wakimwona kwenye kenchi, afu wananipigia simu pasheni inatoa maua mengi haizai. Muachie kipande cha gogo kikavu kwenye kona atoboe huko.

Bamia na rosella zikae nyuma kwenye tuta la ukutani kwasababu zinapanda kwenda juu, mita moja na nusu mpaka mbili. Rosella shina lake jekundu linapendeza hata kabla ya maua, na mkishachuma vile vikombe vyekundu vya ua mnakausha mnapata juisi, mtapanda miche mitatu tu inatosha nyumba nzima, mpe kila mche mita moja. Bamia mwambie mama achume kila baada ya siku mbili, ikipita kidole inakomaa inakuwa kamba, na mmea ukiona mbegu zake zimekomaa unapunguza kuzaa. Mbele ya hizo weka bilinganya na pilipili mbuzi, mbele zaidi mawaridi yako, na mwisho kabisa mstari wa mrehani unaofuata ukingo wote. Huo ukingo usiudharau. Tuta lenye ukingo ulionyooka wa mawe au matofali na mmea mmoja unaojirudia, hata ndani ukiwa umechanganya vitu kumi jicho linaona bustani. Tuta lisilo na ukingo hata liwe mawaridi matupu linaonekana kichaka.

Na pale ambapo ukoka unakufa kila kiangazi, nina uhakika una sehemu kama hiyo, kila nyumba ya Kigamboni inayo, acha kupambana napo. Panda matembele. Yanatambaa yanafunika mchanga, yanazuia unyevu usipotee, na kwasababu mnachuma ncha za juu yanabaki mafupi yamejaa. Yachunge tu yasipande mawaridi.

Sasa wadudu, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye hatari ya pili baada ya oleanda.

Mchanga wetu wa pwani una minyoo fundo wengi, wale wasioonekana kwa macho wanaoingia kwenye mizizi. Bamia inawapenda mno, bilinganya pia. Utaona mmea umedumaa, mchana unasinyaa hata kama umemwagilia, ukiung'oa mizizi ina vinundu vinundu kama shanga. Umeshasikia watu wanasema panda marigodi pembeni zifukuze wadudu, na watu wanaweka miche miwili kwenye kona wanasubiri muujiza. Haifanyi kazi hivyo. Marigodi inapunguza minyoo fundo pale tu mizizi yake inapojaa kwenye udongo wenyewe, kwa hiyo unaipanda imebanana tuta zima, miezi miwili au zaidi, unafurahia maua yako ya machungwa mbele ya nyumba, afu unaikatakata unaifukia humohumo, ndo unapanda bamia. Hilo mimi nalipenda kuliko mambo yote ya bustani ya mchanganyiko, yaani msimu huu tuta ni la urembo, msimu ujao ni la chakula, na urembo ndo umeandaa chakula. Shemeji atafurahi, mama mkwe atavumilia.

Halafu kumbuka undugu niliousema wa bamia na haibiskasi. Ndugu wanaambukizana. Ukiwa na haibiskasi yenye vidung'ata, ule unga mweupe kama pamba kwenye ncha, bamia yako na rosella zinafuata, na mpapai wa jirani pia haupo salama. Nyanya sijakutajia makusudi. Inzi weupe wakizoea maua yako wanahamia kwenye nyanya na kuleta ile rasta, majani yanajikunja yanakuwa madogo ya njano na mmea hauzai tena. Ukiwa na hamu ya nyanya anza na miche miwili kwenye ndoo uone.

Sasa dawa. Mawaridi mengi ya mjini yanapulizwa, na dawa nyingi za maua ni zile zinazoingia ndani ya mmea, zinanyonywa na mizizi zinazunguka mpaka kwenye majani, huwezi kuziosha kwa maji. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja, bustani imechanganywa vizuri kabisa, kumbe kijana wa bustani kamwagia mawaridi dawa ya vidukari chini kwenye shina kama alivyozoea, na sentimita 30 pembeni kuna mrehani na mnanaa wa chai. Hakuugua mtu, Mungu alisaidia, lakini tulitoa kila kitu cha kuliwa kwenye lile tuta na tulilipanda maua matupu kwa muda mrefu baadae. Kwa hiyo siku unapopanda mboga kati ya mawaridi, umekubali kwamba dawa ya maua haiingii tena kwenye bustani ile. Sio kidogo, sio mara moja moja, haiingii. Mwambie kila anayekusaidia, na makopo yaliyobaki stoo yatoe.

Vidukari kwenye waridi unavipiga na mpira wa maji kwa nguvu asubuhi, vikizidi weka sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji, pulizia jioni chini ya majani, kesho yake suuza. Madoa meusi ya majani ya waridi mara nyingi yanaletwa na kumwagilia juu ya majani usiku, mwagilia chini kwenye shina, asubuhi, na majani yaliyoanguka yaokote. Na mawaridi yako kama yametoka kitaluni mwaka jana, ua lake lisiingie kwenye chai wala kwenye keki, hujui lilipulizwa nini. Maua ya kutazama yabaki ya kutazama.

Maji ya kisima. Chumvi kidogo inabebeka ukijua nani anavumilia. Spinachi inavumilia vizuri, mchicha haulalamiki sana, maharage na ndimu zinaungua ncha za majani mapema. Ukiona ukungu mweupe mkavu unabaki juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu, hiyo ndo chumvi inajilimbikiza. Usimwagilie kidogo kidogo kila saa, mwagilia mara moja ya kushiba ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na funika udongo kwa majani makavu au makumbi ya nazi, maana udongo ulio wazi unavuta chumvi juu kila jua linapopiga. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri weka kwa wingi, mchanga wetu haushiki kitu bila hiyo, ya kuku iache ioze kwanza la sivyo inaunguza miche. Na mvua ikija usiiache ipite: bati la mita za mraba 50 likipata milimita 20 za mvua linatoa karibu lita 1000, hilo ni tenki zima la maji matamu. Tenki lifunikwe. Sahani za chini ya vyungu nazo zimwagwe kila baada ya siku mbili tatu, Dar tumeshaugua dengue ya kutosha na yule mbu anazaliana kwenye maji kidogo kama hayo ya sahani.

Nyuma kwenye chemba sikushauri mboga yoyote, hata kama mama ataona udongo wa pale una rutuba. Ni kweli una rutuba na ndo tatizo lenyewe. Pale weka kana au asumini. Maji ya kufulia pia yaende huko, yasije kwenye mchicha.

Muda wa kuanza ni sasa, kabla vuli haijaingia Oktoba. Wiki hii oleanda zitoke, wiki ijayo samadi na ukingo, mikomamanga na mchaichai viingie ardhini mvua ikianza, marigodi kwenye tuta la bamia, na mama aanze na matuta yake ya mchicha ili asikae bure, maana ukimwambia asubiri miezi miwili hatakuelewa.

Na muulize kuhusu mrehani na asumini. Kina mama wa Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu hawakuwa na tuta la urembo na tuta la chakula, uani palikuwa na mndimu, mkomamanga, asumini, mrehani, na kilua, lile ua la harufu, kama ana bahati, wa mboga, wa dawa na wa kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia wanachovaa, pamoja. Akirudi Tanga kutembea mwambie akuletee mrehani wa kwao, kijiti cha urefu wa kiganja kinatosha, atoe majani ya chini, akiweke kwenye glasi ya maji dirishani pasipo jua kali na abadilishe maji kila siku. Wiki moja mpaka mbili utaona mizizi myeupe inashuka, hapo unakihamishia ukingoni, karibu na dirisha la sebuleni.